Vidonda ndani ya pua kisha mavuno ya mupunga: vinatoka wapi?



Kila mwaka kiangazi kinapoingia, mupunga ukisha kukatwa na kukaushwa, tunasikia malalamiko yaleyale katika depo zetu, kuanzia Kasongo mupaka Wamaza na Kabambare yenyewe. Wamama wanaopepeta wanasema pua inawasha, inachoma kama vile mutu amevuta pilipili. Siku chache zinapita, ukoko unajifunga ndani ya tundu la pua, ukiutoa damu inatoka. Wengine wanasema ni baridi ya asubuhi. Wengine wanasema ni jirani aliyewatupia kitu. Wengi wananyamaza tu, wanaendelea na kazi.

Katika mukutano mumoja wa musimu uliopita, mama mumoja alisimama akatuuliza: juu ya nini kila mara munatufundisha magonjwa ya muhogo, na hata siku moja hamujatufundisha magonjwa ya mwenye kulima muhogo? Hatukuwa na jibu. Somo hili njo jibu letu, hata kama limechelewa.

Tuanze na pua yenyewe. Pua si tundu la kupitisha hewa tu, ni chujio. Nywele za mulangoni zinakamata vumbi kubwa. Ngozi laini ya ndani inatoa kamasi, na kamasi inakamata vumbi ndogo, inaisukuma polepole nyuma kuelekea koo, nasi tunaimeza bila kujua. Ngozi ile inataka unyevu. Wakati wa mvua hakuna shida kubwa. Lakini kiangazi, hewa ikikauka na barabara yetu nyekundu ikitoa vumbi kila pikipiki ikipita, kamasi inakauka nayo, na ngozi inapasuka nyufa ndogondogo ambazo jicho haliwezi kuona. Ufa unawasha. Kidole kinaingia.

Na kidole, tuseme kweli, njo mukosaji mukubwa kuliko wote. Kati ya watu watatu, karibu mumoja anabeba ndani ya pua yake mikrobe inayoitwa stafilokoki, bila kuugua kitu chochote. Inakaa pale kimya. Ukucha ukikwaruza ngozi, au mutu aking'oa nywele za pua ili aonekane safi, ile mikrobe inapata njia. Kidonda kinatokea, kinajifunika ukoko, ukoko unawasha, mutu anaung'oa, kidonda kinaanza upya. Tumeona watu wenye kidonda kilekile tangu kiangazi mupaka mvua inarudia, na hawakuwa na ugonjwa mwingine ila muzunguko huo wa kuwashwa na kukwaruza.

Sasa tuje kwa mashini ya kukoboa muchele, maana hapo njo wamemba wetu wengi wanaumia.

Vumbi ya pumba si sawa na vumbi ya barabara. Ganda la mupunga lina silika, ile kitu inayopatikana katika muchanga na inayotumiwa kufanya kioo, na juu ya ganda kuna vinywele vikali. Yeyote aliyebeba gunia la mupunga begani bila shati anajua namna linavyowasha. Vinywele hivyohivyo vinaruka na kuingia puani na machoni. Kule Malaysia, mwaka 1984, waganga waliochunguza wafanyakazi wa mashini za muchele waliandika juu ya macho mekundu, ngozi yenye kuwasha, pua na koo zenye kuchomwa, wakayaita mambo hayo ugonjwa wa wakoboaji wa muchele. Kwa hiyo wamama wetu hawabuni, na si wavivu.

Tazameni nani anasimama wapi siku ya kukoboa. Mwenye mizani anakaa mulangoni, penye upepo. Mwenye kuandika yuko kwa meza. Anayesimama pale bomba linapotapika pumba ni mwanamuke, na mara nyingi ana mutoto mugongoni. Hakuna aliyeamua kwa ubaya kwamba iwe vile. Ni desturi imejipanga yenyewe. Lakini ni mupango wa depo tu, na mupango wa depo unabadilishwa kwa mukutano mumoja wa koperative.

Mambo ya kubadilisha hayaombi franka nyingi. Bomba la pumba ligeuzwe kule upepo unakoenda, si kule unakotoka, na lirefushwe kwa magunia mazee yaliyoshonwa kama mukono wa shati, ili pumba ianguke mbali na watu. Lundo lisikae karibu na mahali pa kupepeta. Mwenye kupepeta asimame upepo umupige ubavuni au mugongoni, asiusimamie uso kwa uso. Sakafu inyunyuziwe maji kidogo mbele ya kufagia, lakini mbali na mupunga, musije mukauharibu muchele kwa kuokoa pua. Watu wabadilishane nafasi kila saa, wanaume nao. Na watoto wasikae pale kabisa, hata wale wa mugongoni. Nyanya mumoja akae nao chini ya muembe.

Juu ya kitambaa: kitambaa cha pamba, kizito, kilichokunjwa mara mbili au tatu na kufunika pua pamoja na kinywa, kinapunguza vumbi kubwa ya pumba. Zile kashne za hospitali tulizovaa wakati wa corona zinafanya kazi hiyo pia, mupaka zilowane, ikilowana, badilisha. Upande uliokuwa ndani ubaki ndani. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni kila jioni na kukaushwa juani, maana kitambaa cha juzi kilichojaa pumba ni kibaya kuliko kukosa kitambaa. Lakini musijidanganye: kitambaa hakizuii dawa ya kupulizia wala muvuke wa sumu. Tutarudi hapo.

Kazi ikiisha, kuosha uso na mikono ni mbele ya kula na mbele ya kugusa pua. Wamemba wetu wengi wa Kasongo na Kabambare ni Waislamu, na katika udhu wanapandisha maji puani na kuyatoa, mara tatu. Siku ya kukoboa, udhu wa adhuhuri na wa alasiri unasaidia kuondoa vumbi mbele haijakauka. Tunaomba tu maji yawe safi, ya chemchemi iliyotengenezwa au ya pompi, si ya kidimbwi ambamo ng'ombe na watu wanaingia pamoja, na mutu asichokore kwa ukucha. Wasiokuwa Waislamu wanaweza kufanya vilevile bila kuogopa chochote.

Kama pua imekauka na inawasha, maji ya chumvi yanatuliza. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika robo ya litre, koroga. Tia mukononi uliooshwa, vuta kidogo kwa pua, toa polepole bila kupenga kwa nguvu. Asubuhi na jioni inatosha. Yaliyobaki, mwaga, ya kesho yatengenezwe kesho. Kisha paka vazelini kidogo sana mulangoni mwa pua, kwa kidole safi. Ukoko ukilainika utaanguka wenyewe. Usiung'oe.

Mafuta ya mawese yasitiwe puani mwa mutoto muchanga. Tunajua nyanya wengi wanafanya hivyo mutoto akizibwa na mafua, nasi hatuwacheki, ni dawa waliyoipokea kwa wazazi wao. Lakini mafuta hayabaki puani. Yanateremuka kwa mapafu, na mapafu hayawezi kuyatoa. Mutoto anaweza kupata ugonjwa wa kifua unaofanana na nimonia. Kwa mutoto, tone moja moja la maji yale ya chumvi linatosha.

Na tetra? Tunajua mazoea: mutu anafungua kapsuli, anamwaga unga juu ya kidonda. Ndani ya pua unga ule unachoma ngozi iliyokwisha kuumia, dozi haijulikani, na mikrobe inazoea dawa, siku nyingine dawa ile haitamusaidia hata kwa ugonjwa muzito. Ndimu, mazuti, majivu na dawa ya meno vyote tumevisikia. Vyote vinachoma. Hakuna hata kimoja kinachoponyesha.

Vumbi si chanzo pekee. Moshi wa jikoni lisilo na dirisha unakausha pua kama kiangazi, na mwenye kuchoma makala anaujua. Kutwanga pilipili na kuchunga unga wa muhogo ni vilevile, kwa muda mufupi. Mafua yanayorudia kila mara yanamufanya mutu apenge na kupangusa mupaka ngozi inachubuka. Wazee wanaovuta tumbako ya unga kwa pua wanajitia kila siku kitu kikali juu ya ngozi ileile. Mwenye kidonda aiache angalau mupaka kipone, na kama ataiacha moja kwa moja hatutalia.

Lakini dawa za shamba zinaomba maneno zaidi. Mbegu za mahindi na za karanga zinazogawanywa zikiwa na rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani zimepakwa dawa ya kuua kuvu. Mara nyingi ni tirame. Mukono ukiingia guniani, unga wa rangi unapanda. Unawasha pua, macho na ngozi. Kuna jambo jingine ambalo wachache wanaambiwa: mutu aliyevuta au kushika tirame, kisha akanywa pombe, anaweza kugeuka mwekundu usoni, moyo unakimbia, anatapika, kichwa kinamuuma sana. Watu wanasema amerogwa na pombe ya jirani. Si uchawi, ni dawa ya mbegu na pombe kukutana mwilini. Siku ya kupanda mbegu ya rangi, na siku zinazofuata, pombe ikae pembeni. Mikono ifunikwe hata kwa mifuko ya plastiki, mbegu zisipepetwe katika ungo wa chakula, na zilizobaki zisiliwe hata zikioshwa. Mwenye kupulizia dawa ya kuua majani, hasa ile ya paraquat, akianza kutoka damu puani, hiyo ni alama kwamba ameivuta. Asimame palepale, aoge, abadilishe nguo, aende kwa muganga na chupa ya dawa mukononi, kusudi asomewe jina lake. Paraquat ikimezwa, hata kidogo, inaua.

Vijana wetu wanaoacha shamba kiangazi wakienda kutafuta zahabu upande wa Salamabila na Namoya wanarudi na pua za namna nyingine. Vumbi ya mawe yanayopondwa ina silika nyingi, nayo haiharibu pua tu, inaingia mapafuni na haitoki tena. Na zebaki ikichomwa ili zahabu ibaki, muvuke wake hauonekani, hauna harufu, na kitambaa hakiuzuii. Isichomwe nyumbani, isichomwe katika sufuria ya bukari, isichomwe karibu na mwanamuke mwenye mimba wala mutoto.

Damu ikitoka puani, wengi wanamulaza mutu chali na kumumwagia maji kichwani. Damu inateremuka kooni, anaimeza, anatapika, watu wanaogopa zaidi. Akae, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa kinywa, asiachie kwa dakika 10 kamili. Kuachia kila dakika na kutazama njo kunakofanya damu isisimame. Ikishindikana kisha mara mbili, kituo cha afya.

Sasa tuseme juu ya vidonda ambavyo maji ya chumvi hayatoshi.

Jipu ndani au juu ya pua lisikamuliwe. Mishipa ya damu ya sehemu ile, kuanzia kati ya macho mupaka pembe za kinywa, inaungana na ile ya ndani ya kichwa, na usaha unaweza kusafiri kwa njia hiyo. Mutu mwenye jipu puani akipata homa, uso ukivimba, jicho likivimba au kichwa kikiuma sana, asilale nyumbani siku hiyo. Apelekwe, hata kwa pikipiki ya kukopa.

Mutoto anayetoka usaha unaonuka kwa tundu moja tu la pua, lingine likiwa safi, mara nyingi ametia kitu: punje ya karanga, mahindi, kipande cha sponji. Musikichokore kwa kijiti, kitaingia zaidi. Muzazi anaweza kujaribu mara moja: aweke kinywa chake juu ya kinywa cha mutoto, abane tundu zima la pua, apulize pumzi fupi, mara nyingi kitu kinaruka. Kisiporuka, infirmie. Lakini kama ni betri ndogo ya mviringo, ile ya saa, musijaribu kitu na musingoje kesho. Inachoma nyama ya pua ndani ya saa chache.

Vidonda vya puani au kinywani pamoja na homa, tezi zilizovimba shingoni na vipele vyenye maji kwenye uso, mikono au sehemu za siri: hapo mufikirie mpox. Ni ugonjwa wa kwetu. Mutu wa kwanza kutambuliwa alikuwa mutoto wa Equateur, mwaka 1970, na tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hatari kwa dunia nzima kwa sababu ya namna ulivyoenea Kongo na kwa jirani zake. Mwenye alama hizo atengwe kwa upole, reko wa kijiji aitwe, na vyombo na matandiko yake yasigawanywe.

Kisha kuna ukoma. Tumeuacha mwisho kwa sababu njo ambao watu wanauficha, na kwa sababu Kongo bado iko kati ya nchi za dunia zenye wagonjwa wapya wengi kila mwaka.

Mikrobe ya ukoma, ambayo Hansen wa Norvège aliitambua mwaka 1873, inapenda sehemu za mwili zilizo baridi: pua, masikio, mikono, miguu. Katika aina yake ile nzito, pua inaweza kuwa ya kwanza kusema. Inaziba kwa miezi, si kwa siku. Kamasi inakuja na damu, ukoko haukauki, mutu anadhani ni mafua ya vumbi. Kama hakuna dawa, nyama ya katikati inaliwa polepole na pua inalala. Kwa hiyo mwenye pua ya namna hiyo avue shati mbele ya mutu anayemuamini, watafute alama mwilini: bato jeupe au jekundu lisilowasha, lisilouma, ambalo hata likiguswa kwa unyoya wa kuku akiwa amefumba macho hasikii. Watazame kama masikio yamekuwa manene, nyusi zinanyonyoka, vidole vinakufa ganzi, kama amejichoma jikoni bila kusikia.

Ukoma si laana ya ukoo. Unatibiwa kwa dawa tatu zinazomezwa pamoja, miezi 6 kwa aina nyepesi, miezi 12 kwa ile nzito, na tangu mwaka 1995 dawa hizo zinatolewa bure kupitia OMS. Mutu akianza dawa, muda si mrefu haambukizi tena. Anaweza kulala nyumbani kwake, kula na watoto wake, kukaa katika koperative yake. Kisichorudia ni vidole na pua vilivyokwisha kuharibika, njo maana kungoja ni hasara. Koperative inayomufukuza memba kwa sababu hiyo inawafundisha wengine kumi kujificha.

Kuna magonjwa mengine pia yanayoweza kuanza kwa kidonda cha pua kisichopona: kifua kikuu, kaswende, kansa, na kwa mutu ambaye kinga ya mwili imepungua vidonda vinakuja vyepesi na vinakaa. Hamuwezi kuvitofautisha nyumbani, na sisi vilevile hatuwezi kwa kutazama. Kipimo chetu ni cha siku: umeacha kukwaruza, umetia maji ya chumvi, umejitenga na vumbi, na wiki mbili zimepita bila kidonda kupona. Basi hiyo si kazi ya jikoni tena.

Ukifika kituo cha afya, usiseme tu "pua inaniuma". Mwambie infirmie ni tangu wiki ngapi, ni tundu moja au yote mawili, damu inatoka au hapana, unafanya kazi gani, ulishika dawa gani ya shamba, na kama kuna mahali mwilini usiposikia ukiguswa. Na asubuhi hiyo usisafishe ukoko ili upendeze mbele yake. Uuache pale, auone.